Nisafishie Hizi Picha

Hansa alinipigia simu mwezi uliopita, asubuhi, nikiwa uani nachambua mchele. Namba ilikuwa ngeni, nikaipokea kwa ukali, maana siku hizi namba ngeni ni matapeli watupu. "Somoe," akaniita, na kabla hajasema la pili nikamjua. Hakuna mwingine anayeniita hivyo, akivuta ile "e" ya mwisho utadhani anaogopa nitaondoka. "Shoga, nipo Bongo. Baba ametutoka. Tumeshamaliza mazishi yetu, nisamehe sikukwambia, mambo yalikwenda haraka." Nikaweka ungo chini. Nikalia, wallahi, nikalia mbele ya wapangaji wangu wote bila haya. Halafu Hansa akasema jambo lililonifanya nicheke katikati ya kilio. Alikuwa anafunga studio ya picha ya baba yake, nilikofanya kazi ujanani, nikachukue vitu vyangu kama vipo, na kama nina picha yoyote ya baba yake niende nayo. "Nimepekua nyumba nzima. Ninayo ya pasipoti tu. Kanuna kama kanyweshwa shubiri. Ndiyo tumeitundika na shada la maua, watu wanaiangalia wanaogopa." Mzee Kanti! Mtu aliyepiga picha nusu ya Kariakoo, waliozaliwa na waliooa na waliokuwa wanatafuta hati za kusafiria, na yeye mwenyewe ana picha moja, tena kanuna.

Nilikwenda kesho yake. Studio ilikuwa palepale Mtaa wa Sikukuu, vyumba viwili chini ya ghorofa la zamani, ila sasa kushoto wanauza vijora na kulia wanauza vijora, na wauza vijora wote wawili walikuwa wanasubiri Hansa atoe makabati ili wapanue. Ndani nilikuta kila kitu kilivyokuwa. Pazia lililochorwa bustani ya maua na maporomoko ya maji. Kiti cha mgongo mrefu. Simu ya mezani iliyokatwa waya, ya kushikia sikioni ukitaka uonekane mtu wa ofisini. Chanuo lililofungwa kwa kamba kwenye kioo, kwa sababu machanuo matatu ya kwanza yaliibiwa. Nilivuta hewa nikitafuta ile harufu ya dawa za picha, ukali wake kama siki, lakini ilikuwa imekwisha siku nyingi. Hansa akatoka chumba cha nyuma akiwa amenenepa, ana miwani, ana mvi kuliko mimi. Tukashikana pale katikati ya makabati. Halafu akaniambia, "Nimepika chai ya tangawizi. Kwenye jiko lilelile."

Nitaueleza mwaka mmoja tu, kwa sababu ndio ulionifanya niwe huyu niliye. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa mfanyakazi wa chumba cha giza kwa Mzee Kanti, na kazi yangu ilikuwa kusafisha. Sisi wa zamani tulisema hivyo: picha inapigwa, halafu inasafishwa. Mteja analeta mkanda wake anasema "nisafishieni", nami naingia gizani, nauchovya kwenye dawa, naosha, naanika, na sura za watu zinatoka. Miaka mitano nilikuwa natoa sura za watu waliopigwa na wengine. Sikuwahi kubonyeza kamera hata siku moja. Nilikuwa nasikiliza tu kutoka nyuma ya ukuta wa mbao, Mzee Kanti akipiga na wateja wakiomba: "Mzee, nitoe mweupe kidogo." "Mzee, nisionekane mnene, inakwenda kwa mchumba." Na yeye na ile sauti yake ya taratibu, "Tulia. Funga mdomo. Usicheke, ukicheka unatikisika." Kwa Mzee Kanti kucheka kulikuwa ni kuharibu mkanda. Alitoka enzi ambazo mkanda ulipatikana kwa kujuana, ukipata kumi unaihesabu kama mayai, na mteja akicheka au akipepesa macho umekula hasara. Mazoea hayo hayakumtoka hata pale kila kitu kilipoanza kumwagika Kariakoo kutoka Dubai na China, mikanda ya kila rangi, mpaka wamachinga wanaipanga chini pamoja na soksi.

Halafu mwaka huo mikanda yenyewe ikaanza kukosa watu. Kila wiki tulikuwa tunasikia jirani fulani kanunua dijitali. Mchana mmoja tukiwa tunakula, mimi na wali wangu wa maharage, Hansa na baba yake na chapati zao za uwatu na achari, Mzee Kanti akafuta vidole akasema, "Nanunua dijitali. Moja. Mbili siwezi." Kisha akaninyooshea kidole. "Na atakayepiga ni Somoe." Akaeleza bila kunitazama, kama anayesoma bei za vitunguu: harusi nyingi za hapa mjini zina upande wa wanawake, yeye anaishia mlangoni na viatu vya watu, na familia zimeanza kuuliza kama hatuna mpiga picha mwanamke. "Hansa atakusaidia. Kamera mtachagua wenyewe. Macho yangu yamezoea mkanda." Usiku ule sikulala. Mimi, Somoe wa gizani, nitoke nje kwenye mwanga nishike kamera.

Binamu yao Dipesh alikuwa na duka la vifaa vya umeme Mtaa wa Aggrey. Akatuwekea kamera mbili juu ya kioo. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, ina mdomo wa kuzungusha na mkanda wa kuvaa shingoni. Ya pili ilikuwa bapa, ya fedha, unaifunika kwa kiganja, nene kidogo tu kuliko pakiti ya sigara. Bei zake zilikuwa zimepishana mbali, lakini siyo mbali kiasi ambacho Mzee asingeifikia ile kubwa kwa kujikamua. "Ndogo ni megapikseli saba," Dipesh akasema. "Kubwa ni sita." Nikamuuliza, "Sasa mbona kubwa ndiyo ina chache?" Akajikuna. "Ndiyo ilivyo, dada. Kubwa ni kubwa." Basi, tukaachiwa tuelewe. Hansa alikuwa ameshaitia ndogo kwenye pochi yake, anaitoa, anaitia, anacheka. "Shoga, unaingia nayo popote, hakuna anayejua!" Mimi nikaivaa kubwa shingoni. Nikajiona kwenye kioo cha kabati. Niliyoyaona siwezi kuyasema bila kuona haya hata leo: niliona mtu. Nikabonyeza, ikalia *kachaa*, na wateja wawili dukani wakageuka kunitazama. Ile ndogo ililia *ti*, kama kifaranga. Tukabishana pale mpaka Dipesh akachoka. Akasema, "Chukueni zote mbili za maonyesho, mkazijaribu. Jumatatu asubuhi mnirudishie, kamera itakayoshinda mzee aje ailipie. Ila kadi ninayo moja tu." Kadi ikaingia kwenye kubwa, bila shaka. Ndogo akasema ina nafasi yake ndani, picha kama kumi na mbili hivi. Hansa akasema zinamtosha.

Pa kuzijaribia palikuwepo. Nilikuwa nimepanga chumba Buguruni kwa Mama Tunu, na Jumamosi hiyo alikuwa anamuoza binti yake. Mama Tunu alikuwa mtu wa kwetu kusini, mwenye nyumba asiyefanana na wenye nyumba: akipika samaki wa nazi, sahani yangu ilikuwa inakuja imefunikwa hata kama nilikuwa nimemkera asubuhi. Alipojua nitapiga mimi, akaniita chumbani kwake, akafunga mlango. "Mwanangu, harusi ina picha nyingi. Tunu atataka mia. Mimi nataka moja tu. Ya mama." Mama yake, Bibi Fatu, alikuwa amekuja kutoka Lindi kwa ajili ya harusi na angeondoka Jumatatu na basi la alfajiri. Alikuwa amepita miaka themanini kwa hesabu zozote. Na hakuwa na picha, hata moja, maishani. "Hataki. Tumembembeleza mpaka tumechoka. Ila safari hii akiondoka…" Hakumalizia. Akaishika mikono yangu yote miwili. "Moja tu, Somoe."

Nikamfuata Bibi Fatu uani siku ileile. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na hiyo bunduki?" Ilikuwa kamera, shingoni. Nikamuuliza kwa nini hapendi kupigwa picha. Alikuwa anamenya vitunguu saumu, hakuinua macho. "Unaniona pengo hili? Mbele hapa sina kitu. Mimi nilikuwa mzuri, wewe. Waulize watu wa kwetu Mchinga, kama wapo waliobaki. Sasa nikipigwa leo, atakayeiona picha ataamini hivi ndivyo nilivyokuwa. Bora wasinione kabisa, wanisikie tu." Nilikuwa natoa sura za watu miaka mitano na sikuwahi kulifikiria hilo.

Siku ya harusi ile kamera kubwa ilinifungulia milango kama ufunguo. Wanawake waliokuwa hawanijui walikuwa wananipisha. "Mpisheni mpiga picha! Mpisheni!" Mabibi wakubwa kwa wadogo walikuwa wanajipanga wenyewe wakiniona, wananyoosha vijora, wanashusha mabega, wanafunga midomo. Nikapiga singo, bibi harusi akisuguliwa manukato, nikapiga hina, nikapiga mashangazi kwa mafungu. Mtu wa video alikuwepo, lakini alikuwa mwanaume, hakuvuka ukumbi. Huku ndani nilikuwa mfalme. Na Bibi Fatu nikampata. Tunu mwenyewe, na mapambo yake yote, alipiga magoti mbele ya bibi yake akasema, "Bibi, nipe hii tu iwe zawadi yangu." Bibi akakubali kwa shingo upande. Wakamvalisha doti mpya ya khanga, wakamkalisha kwenye kiti karibu na bibi harusi. Akafunga mdomo wake kisawasawa, akatazama mbele kama anayehukumiwa. *Kachaa.* "Mara moja tu," akasema, akanyanyuka. "Sirudii." Mama Tunu alikuwa mlangoni. Alinitazama, nikamwonyesha dole gumba, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Hansa wakati huo alikuwa amepotea. Nilimtafuta nikiwa nimekasirika, maana ndiye aliyepaswa kunishikia taa. Nikamkuta uani nyuma, kwenye moshi. Pilau lilikuwa la nyama, na Hansa hali nyama, kwa hiyo mtu alikuwa amempeleka jikoni apatiwe kitu kingine, na jikoni alikuwepo nani? Bibi Fatu, ameshavua doti mpya, ameshika mwiko. Alikuwa hajawahi kusikia habari za mtu asiyekula nyama kwa hiari yake. "Hata kuku?" "Hata kuku, bibi." "Samaki je? Samaki siyo nyama." "Hata samaki, bibi." "Yesalamu! Na mayai?" "Hata mayai." "Sasa mwanangu, mumeo atakupiga na nini ukikosea, na mchicha?" Jiko zima likaanguka kwa kicheko, na Bibi Fatu mwenyewe akacheka mpaka akashika ukuta. Alimpikia Hansa muhogo wa nazi kwenye kisufuria kidogo peke yake, na akasimama juu yake kuhakikisha anaumaliza. Hansa alikuwa anakula kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umeshika kitu cha fedha usawa wa kiuno. *Ti.* Kule jikoni walikuwa wanadhani ni simu.

Jioni akanionyesha kwenye kile kioo chake kidogo. Picha kumi na moja. Moshi, sufuria, mkono wa mtu, nusu ya uso, nyingine ya muhogo. Na moja ya Bibi Fatu, kichwa kimerudi nyuma, mdomo wazi wote, pengo limesimama katikati kama mlango. Nikamwambia, na maneno haya ninayajutia mpaka leo, "Futa hiyo, Hansa. Inamdhalilisha bibi wa watu. Hana meno, ana masizi, khanga imemvuka. Ninayo nzuri mimi, amekaa kwenye kiti." Hansa akanywea. "Kufuta sijui," akasema. "Dipesh hakunionyesha." Tukaachia hapo.

Jumatatu Bibi Fatu akapanda basi lake alfajiri. Hansa akarudisha kamera zote mbili kwa Dipesh, na kadi nikaibakiza mimi, nikampa Mzee Kanti. Studio yetu haikuwa na mashine ya kutoa picha za dijitali, ilibidi zipelekwe kwenye duka jipya mitaa miwili mbele, lenye mashine kubwa na kiyoyozi. Nilitaka kwenda mwenyewe. Mzee akakataa. Alikuwa amevaa shati lake la kaunda la kwendea benki. Miaka arobaini picha za studio yake zilikuwa hazijawahi kupelekwa kwingine, na hii ya kwanza ya dijitali hakutaka mtu mwingine aipeleke. Akaifunga kadi kwenye leso. Akarudi baada ya robo saa amefurahi, anafuta jasho. "Vijana wazuri sana wale," akasema. "Wananiambia saa nane iko tayari. Na unajua nini? Bure! Wamesema, mzee, hiyo ni bure." Hansa akamtazama. "Bure vipi, baba?" "Labda ni ya kufungulia duka," Mzee akasema. Mimi nilikuwa naosha vyombo vya chai. Nilisikia neno bure, moyo wangu nao ukafurahi. Wajinga wote watatu.

Saa nane nikaenda naye. Kijana wa kaunta alikuwa mpole, anatafuna ubani. Akaitoa kadi kwenye kibahasha, akampa Mzee kwa mikono miwili. Mzee akasubiri. Kijana naye akasubiri. "Picha ziko wapi?" Mzee akauliza. "Picha gani, mzee?" "Picha zilizomo humo." Kijana akaacha kutafuna. "Mzee, si umesema nikusafishie? Nikakuuliza zote? Ukasema zote. Nikakuuliza safi kabisa? Ukasema safi kabisa. Nimekusafishia, haina kitu sasa, nyeupe." Nilimwona Mzee Kanti akilielewa neno lake taratibu. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele. Alishika kaunta, akasema kwa sauti ndogo sana, "Nisafishie. Mimi nimesema nisafishie." Kijana alikuwa karibu kulia, masikini, kosa halikuwa lake. Kwake kusafisha kulikuwa ni kuondoa, kwetu kulikuwa ni kutoa, na kati ya maneno hayo mawili harusi nzima ilikuwa imepita. Siku hizi mwanangu ananiambia zipo programu za kufufua. Wakati ule hatukujua kwamba kuna kufufua.

Njiani kurudi Mzee alisimama mara mbili bila sababu. Mara ya pili mbele ya muuza madafu, akaniambia, "Somoe, neno langu limezeeka kabla yangu." Nilikuwa namfikiria Mama Tunu.

Nilimkuta anasugua masufuria ya kuazima. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Kuhusu Tunu hakuuliza, na Tunu alilia siku moja akanyamaza, ana video yake. Mama Tunu aliuliza moja tu. "Na ya mama?" Nikasema, "Nayo, mama." Mikono yake ikaacha kusugua. Akalitazama lile povu. "Haya, mwanangu. Ndiyo imeshakuwa." Angenitukana ningepona. Jioni ile sahani haikuja, na sikuwa na njaa, lakini nilikaa kitandani nikiusikiliza mlango wangu.

Asubuhi nikamwambia Hansa nitaacha kazi. Alikuwa anakuna tangawizi ya chai. Nikamsimulia uso wa Mama Tunu, povu, sahani, nikalia juu. Hansa akaacha kukuna. Akanitazama na kile kikunio mkononi. "Somoe. Ile uliyoniambia nifute." Hatukuaga mtu. Mtaa wa Sikukuu mpaka Aggrey tulikimbia, Hansa na panjabi yake, mimi na kandambili, tunagonga mikokoteni, wapagazi wanatutukana, wengine wanatushangilia wakidhani tunamkimbiza mwizi. Tukaingia kwa Dipesh tukihema. Mteja alikuwa amesimama mbele ya kaunta na pesa mkononi. Dipesh alikuwa ameshika ile ndogo, na kitambaa. "Usifute!" Hansa akapiga ukelele. "Dipesh, usifute!" Dipesh akabaki na kitambaa hewani. "Nafuta kioo tu," akasema. "Ina vumbi." Nilikaa chini sakafuni mwa duka la watu nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Tulikwenda kuitoa kwenye lile duka la kiyoyozi, kijana yuleyule, kwa waya. Hansa alimsimamia shingoni. Ilipotoka, ya ukubwa wa daftari, nikaiona kwa mara ya kwanza kama inavyostahili kuonwa. Nikaona haya. Masizi yalikuwepo, khanga ilikuwa imemvuka, pengo lilikuwa pale, na mwanamke yule alikuwa mzuri. Habari za Mchinga hazikuwa uongo. Yangu ile ya kitini ilikuwa ya bibi fulani. Hii ilikuwa ya Bibi Fatu.

Tukapitia studio kwanza kumtoa Mzee kwenye majonzi yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya maporomoko ya maji, hajafungua hata dirisha. Hansa akamwekea picha magotini. Akaitazama. Akaivua miwani, akaivaa tena. Halafu Mzee Kanti, aliyewafunga watu midomo miaka arobaini, akafungua wake. Akacheka, kichwa nyuma, machozi yanamtoka, na ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa na pengo, juu, upande wa kushoto. Miaka mitano sikuwahi kuliona. Kamera ndogo ilikuwa mkononi mwangu, Dipesh alikuwa ametuachia mpaka jioni. Ilikuwa imebaki nafasi ya picha moja. *Ti.* Mzee akashtuka, akaziba mdomo. "Umepiga? Futa hiyo! Futa!" Nikabonyeza bonyeza vitufe. "Nimefuta, mzee." Uongo mtupu. Nilikuwa sijui kufuta.

Mama Tunu nilimpa tu picha mkononi. Aliishika mbali, kisha karibu. Mkono wake ukapanda wenyewe ukaziba mdomo, kama Mzee alivyofanya. "Mama yangu huyu," akasema. "Somoe, mama yangu huyu. Hivi ndivyo alivyokuwa anacheka kabla hajaanza kujificha." Jioni sahani ilikuja, imefunikwa, na ilikuwa na vichwa viwili vya samaki. Nakala tuliituma Lindi kwa dereva wa basi, na mimi nilikuwa na hofu, maana aliyekuwa hataki ni mwenyewe. Baada ya wiki ikaja salamu: "Mwambieni yule mtoto asiyekula nyama, pengo limekaa vizuri."

Sasa mtasema nilichagua ndogo. Hapana. Mzee Kanti aliniuliza kabla ya siku ile kuisha, "Kwa hiyo, Somoe, ipi?" na Hansa alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu ambaye ameshashinda. Nikasema kubwa. Nilijua ninachokiacha, na nilisema kubwa. Nani angemwita mwanamke kutoka gizani, jina hana, na kidude cha pochi, amwambie njoo upige harusi ya mwanangu? Nilitaka kupishwa. Nilitaka ile "mpisheni mpiga picha" niisikie tena na tena, na nimeisikia, nimejenga nyumba nayo, nimesomesha nayo. Hansa hakunisemesha siku tatu. Ndogo akainunua mwenyewe kwa mshahara wake, akaitia kadi kubwa, na mwisho wa mwaka akaolewa Uingereza. Na mimi tangu siku hiyo nimepiga maelfu ya watu waliofunga midomo. Nimejaribu kuwachekesha, nimejaribu kuwachelewesha, nimejaribu kupiga baada ya kusema basi tumemaliza. Wakiiona tu ile nyeusi shingoni wananyooka. Hakuna aliyecheka mbele yangu kama Bibi Fatu alivyocheka mbele ya muhogo wa Hansa.

Haya yote tulikuwa tunakumbushana juu ya chai, kwenye jiko lilelile, mpaka Hansa akavuta droo kutafuta kijiko. Ndogo ilikuwemo, imezungushiwa waya wake na chaja kwa raba. Aliiacha kwa baba yake miaka ileile, kule alipata nyingine. "Hii nimeshaitazama," akasema. "Tupu. Kadi imekufa." Nikaweka kikombe chini. "Hansa, mara ya kwanza tuliipigia bila kadi, picha zilibaki ndani yake. Kadi ikiwemo, inaonyesha kadi tu. Itoe." Tukaiweka kwenye umeme, tukakaa tunaitazama, wanawake wawili wazima, kama tunasubiri maji yachemke. Ilipowaka, ilikuja picha ya mwisho kwanza. Hansa hakusema baba. Alisema, "Pengo lake!" akaikumbatia ile kamera kifuani na taa yake ikiwaka.

Duka la picha sasa liko kila kona, tuliingia la kwanza. Binti wa kaunta, mrembo, kucha ndefu, akachomeka waya, akatazama kompyuta yake. "Shikamooni, mama zangu. Jamani hii kamera ya zamani! Ina picha kumi na mbili, imeandika imejaa. Niwasafishie?"

"Usiguse!" tukasema wote wawili, mpaka watu wa barabarani wakachungulia. Binti akanyanyua mikono juu. Nikamwomba radhi, nikavuta kiti nikakaa karibu naye, nikamwonyesha kwa kidole ile ya mwisho.

"Nitolee hii, mwanangu," nikamwambia. "Kubwa, ya kutundika. Usimkate kichwa, usimfanye mweupe. Na pengo lionekane."